Mizani Inayosifu Ulafi

Katika maisha yangu ya kazi nimepewa karipio la maandishi mara moja tu, na karipio lenyewe nililipata kwa kosa la kupunguza matumizi ya umeme. Msomaji asidhani natia chumvi. Nitaeleza jambo lilivyokuwa, kisha nitaeleza kwa nini naamini kosa halikuwa langu, wala hasa la mkubwa wangu, bali la mizani tuliyokuwa tumekubali kupimwa nayo.

Mwaka 2019 nilikuwa msimamizi wa chumba cha mashine katika kampuni moja ya Dar es Salaam inayotunza kumbukumbu na programu za watu wengine: maduka, vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati kadhaa. Chumba chenyewe si kikubwa. Kina safu za makabati ya chuma, na ndani ya makabati mna seva, yaani kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinazofanya kazi usiku na mchana kwa niaba ya watu ambao hawatauona mlango wake maisha yao yote. Seva hula umeme, na karibu umeme wote zinaoula hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo pana viyoyozi vya kuliondoa joto hilo, mitambo ya betri ya kushika zamu umeme unapokatika, transfoma, taa, na huko nje jenereta la dizeli.

Mwaka huo nilifanya ukaguzi ambao haukuwa umefanywa tangu jengo lifunguliwe. Nilichukua daftari nikapita kabati kwa kabati nikiuliza swali moja: seva hii ni ya nani, na inamfanyia nini? Nikakuta seva 80 zisizo na kazi. Nyingine wenyewe walikwisha kuondoka, nyingine zilinunuliwa kwa mradi uliokufa, nyingine kazi yake ilikwisha kuhamishiwa mashine mpya na hakuna aliyekumbuka kuizima ya zamani. Zote zilikuwa zinawaka, taa zake za kijani zikikonyeza, na kila moja ikila takriban wati 250 kwa kukaa bure. Niliandika barua, nikangoja miezi miwili, hakuna aliyejitokeza. Nikazizima.

Mwezi uliofuata dada wa uhasibu alikuja mwenyewe hadi mlangoni, ankara mkononi. "Kaka, umeme umeshuka hivi? Mmefanyaje?" Nikamwambia. Akacheka, akasema laiti kila idara ingekuwa na daftari kama langu.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Naye alikuwa na karatasi, ila si ankara. Ilikuwa ripoti ya ufanisi inayopelekwa kwenye bodi kila robo mwaka, na ndani yake namba moja ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Tulikuwa 1.80, sasa tuko 1.90. Nikamweleza kwamba jengo zima lilikuwa likitumia kilowati 180 na sasa linatumia 152. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mzee mwenzangu, bodi haioni kilowati. Bodi inaona namba hii." Karipio likaja Jumatatu.

Namba hiyo inaitwa kwa kifupi PUE, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua umeme wote unaoingia katika jengo, ugawanye kwa umeme unaofika kwenye kompyuta zenyewe. Jengo lisilopoteza hata chembe lingepata 1.0. Likipata 2.0, maana yake kwa kila uniti inayofika kwenye kompyuta, uniti nyingine imetumika kwa viyoyozi, betri, taa na mengineyo. Chumba chetu kilikuwa na kompyuta za kilowati 100 na mengineyo ya kilowati 80: 180 kwa 100, ndiyo 1.80. Nilipozizima seva 80, kompyuta zikashuka hadi kilowati 80. Viyoyozi navyo vikapunguza, lakini si kwa kiwango kilekile, kwa sababu feni, betri na transfoma zina ulaji wao usiojali kama chumba kimejaa au kiko nusu. Mengineyo yakashuka hadi 72. Gawanya 152 kwa 80, unapata 1.90. Tulikuwa tumeokoa uniti 672 kila siku ya Mungu, na mizani ikasema tumekuwa wabadhirifu.

Sasa ona upande wa pili. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la namba hiyohiyo, tuliambiwa tupandishe joto la chumba kutoka nyuzi 22 hadi 30 ili viyoyozi vipumzike. Kupandisha joto kwa kiasi ni jambo jema, na sisi tulikuwa tumekizidisha chumba baridi bila sababu. Lakini kila seva ina feni zake ndogo ndani, na hewa inapokuwa moto feni hizo huanza kukimbia. Umeme wake unahesabiwa kuwa umeme wa kompyuta, si wa kupoza. Basi viyoyozi vikashuka, mengineyo yakawa kilowati 66. Feni za ndani zikapanda, kompyuta zikawa 88. Jumla 154. Tulikuwa tumeongeza matumizi kwa kilowati mbili, na chumba kikawa na kelele kama kinu cha kusaga. Gawanya 154 kwa 88: 1.75. Mkurugenzi alitupongeza mbele ya wafanyakazi wote na tukanywa soda.

Nimeyasimulia haya si kwa kinyongo. Nimeyasimulia kwa sababu hayatokani na ujinga wa mtu mmoja. Yamo ndani ya kugawanya kwenyewe. Mizani ambayo chini ya mstari wake umeweka ulaji wa kompyuta, itamsifu kila anayeongeza ulaji wa kompyuta. Ni sawa na kumpima mama ntilie kwa kuangalia ni kiasi gani cha moto wa mkaa kinafika kwenye sufuria na kiasi gani kinapotelea pembeni. Ni swali zuri, jiko bovu ni hasara. Lakini ukimpima kwa hilo tu, anaweza kuchemsha maji matupu tangu alfajiri mpaka magharibi, asimlishe mtu hata mmoja, na wewe ukampa zawadi ya upishi bora.

Haki ni haki: kipimo hiki kilizaliwa kwa nia njema na kimefanya kazi. Kilitangazwa na muungano wa makampuni uitwao The Green Grid, mwaka 2007, wakati vyumba vya mashine duniani vilikuwa na ubadhirifu wa kutisha. Uchunguzi wa Uptime Institute ulikuta wastani wa takriban 2.5 mwaka huo. Watu walipoanza kupima, waliona aibu. Walipoona aibu, walitenganisha hewa moto na hewa baridi, wakaziba matundu, wakabadilisha viyoyozi vibovu. Katika miaka kama saba wastani ukafika karibu na 1.7. Tangu hapo umesogea kwa shida; mwaka 2024 ulikuwa 1.56. Maana yake ni kwamba dawa imekwisha kutibu sehemu kubwa ya ugonjwa iliyotengenezewa. Kuendelea kunywa dawa ileile kwa ugonjwa mwingine si utabibu.

Na ugonjwa mwingine upo, tena unajulikana. Mwaka huohuo wa 2007 wahandisi wawili wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, waliandika kwamba seva nyingi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wake, na kwamba seva isiyofanya lolote bado huweza kula karibu nusu ya umeme inaoula ikiwa kazini kikamilifu. Mwaka 2015 Jonathan Koomey na Jon Taylor walichunguza seva zipatazo 4,000 na kukuta takriban asilimia 30 hazikuwa zimefanya kazi yoyote ya maana kwa miezi sita au zaidi. Walakini PUE haina jicho la kuona hayo. Kwake yeye, seva inayomtafutia daktari kumbukumbu ya mgonjwa na seva inayokonyeza taa gizani ni ndugu sawa.

Halina jicho la maji vilevile. Njia nyepesi ya kuishusha namba ni kuacha viyoyozi vya umeme na kupoza kwa kuvukiza maji. Umeme unapungua sana, na PUE inang'aa. Lakini fizikia haitoi zawadi: lita moja ya maji ikivukizwa huondoka na joto la karibu theluthi mbili za uniti. Kituo kinachotoa joto la kilowati 1,000 mfululizo, kikiliondoa lote kwa njia hiyo, kitavukiza takriban lita 36,000 kwa siku. Hizo ni ndoo 1,800 za lita 20. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wakazi wa Dar es Salaam tulipata maji kwa mgao; natamani kumwona mtu akisimama kwenye foleni ya ndoo mtaani kwetu na kueleza kwamba kituo kilichokunywa ndoo 1,800 ni hodari wa matumizi kwa sababu PUE yake ni 1.2. Tusidhani hili ni la nchi maskini tu. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, ilichukua kesi kati ya halmashauri ya mji na gazeti la The Oregonian mpaka wananchi wajue, mwishoni mwa mwaka 2022, kwamba vituo vya Google vilikuwa vikitumia zaidi ya robo ya maji ya mji wao.

Wala halina jicho la asili ya umeme. Uniti iliyotoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, Kenya, na uniti iliyotoka kwenye jenereta langu la dizeli zinaingia katika hesabu zikiwa zimevaa nguo moja. Mwaka 2023 tulikuwa na mgao wa umeme Tanzania, uliokuja kupungua baada ya mitambo ya Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha mapema mwaka 2024. Katika miezi ile jenereta letu liliunguruma saa nyingi kuliko lilivyolala. Lita moja ya dizeli hutupa uniti tatu au nne, na hutoa hewani zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ukaa. Jirani zetu walikuwa gizani huku wakivuta moshi wetu madirishani. Ripoti ya robo mwaka ile ilionyesha 1.74. Ilikuwa namba bora kabisa katika historia ya chumba kile.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi katika semina. Jibu la kwanza ni kwamba kila mtu anaelewa PUE, na kipimo kibovu kinachoeleweka ni bora kuliko kizuri kisichoeleweka. Nauliza: kinaeleweka na nani? Mkurugenzi wangu alijua kwamba namba ikishuka ni vizuri. Hakujua kwamba inaweza kushuka huku ankara ikipanda. Huko si kuelewa, ni kuzoea.

Jibu la pili ni kwamba PUE inawezesha kulinganisha vituo. Hivi kweli? Nairobi iko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake hupoza jengo bure. Mombasa na Dar es Salaam ziko pwani, joto na unyevu mchana na usiku. Chukua jengo lilelile, mafundi walewale, nidhamu ileile, ulisimamishe huku na kule: utapata namba mbili tofauti, na tofauti hiyo ni ya jiografia, si ya uhodari. Na wapo wanaotangaza namba iliyopimwa asubuhi moja ya kipupwe, au ile iliyoandikwa kwenye michoro kabla msingi haujachimbwa, badala ya wastani wa mwaka mzima wenye kaskazi yake. Nasema haya kwa sababu namba sasa zinaingia katika sheria. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 2023, imetaka vituo vinavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vifikie 1.2. Sheria hiyo imeandikwa na watu wenye majira ya baridi. Tukiinakili kama ilivyo tukaipeleka Tanga au Mombasa, tutakachopata ni ama vituo vya kunywa maji, ama ripoti za uongo.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo linastahili heshima. Wanasema: kazi ya kompyuta haipimiki. Mmoja anahifadhi picha, mwingine anahesabu mishahara, wa tatu anafundisha mashine kuzungumza. Utaziweka vipi kwenye mizani moja? Nakubali, hazikai kwenye mizani moja. Lakini nani alisema lazima zikae? Chama cha akiba na mikopo kinajua kilifanya miamala mingapi mwezi uliopita. Zahanati inajua ilihudumia wagonjwa wangapi. Kila nyumba ichague kazi yake, iigawanye kwa uniti ilizotumia, na ijilinganishe na nafsi yake ya mwaka jana. Mkulima wa mahindi na mkulima wa karafuu hawashindani kwa magunia, lakini kila mmoja anajua kama shamba lake limepanda au limeshuka.

Nakiri kwamba hata kipimo hicho kina mlango wa wizi. Mtu anaweza kuukata muamala mmoja vipande vitatu akasema ufanisi umepanda mara tatu. Anaweza pia kuwa na ufanisi wa kweli na bado akaimaliza nchi. William Stanley Jevons alikwisha kuonya mwaka 1865, kuhusu makaa ya mawe ya Uingereza, kwamba injini zikitumia makaa kwa ufanisi zaidi, makaa yatatumika zaidi na si pungufu. Google walitangaza PUE ya wastani wa 1.10 kwa mwaka 2023, namba ambayo mimi na viyoyozi vyangu tungeiota tu. Ripoti yao ileile ilikiri kwamba hewa chafu wanazotoa zilikuwa zimepanda kwa asilimia 48 tangu 2019. Nchini Ireland vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa nchini mwaka 2015. Mwaka 2023 vilitumia asilimia 21. Mengi ya majengo hayo yana PUE ya kupigiwa mfano. Ndiyo maana nasema jumla isiondoke machoni hata siku moja.

Basi napendekeza nini? Napendekeza ukurasa mmoja wenye namba tano, zikae kando kwa kando, na pasiwe na mwerevu wa kuzichanganya zikawa moja. Ya kwanza ni jumla ya uniti za mwaka mzima, kama mita ya shirika la umeme na mita ya jenereta zinavyosema. Ya pili ni kazi iliyofanyika kwa kila uniti, kwa kazi ambayo nyumba yenyewe imeitaja hadharani na haiibadilishi kila mwaka. Ya tatu ni lita za maji. Ya nne ni lita za dizeli. Ya tano ni hesabu ya seva zilizowashwa, na ngapi kati yake zina mwenyewe na kazi. PUE nayo ibaki, kwenye karatasi ya fundi wa viyoyozi, kwa sababu inamfaa; ni kipimajoto chake. Lakini kipimajoto hakikai kwenye kiti cha mganga. Wala haya si ndoto zangu za uzeeni. Umoja wa Ulaya, ulipotoa kanuni zake mwaka 2024, haukuridhika na namba moja: uliagiza vituo vyenye mitambo ya kompyuta ya kuanzia kilowati 500 vieleze pia maji, joto linalotumika tena na nishati jadidifu.

Uzuri wa namba tano zilizokaa pamoja ni kwamba hila katika moja huonekana katika nyingine. Ukivukiza maji kuokoa umeme, lita zitasema. Ukikata miamala vipande, jumla ya uniti itakuumbua. Ukiwasha majeneza ili kujaza kabati, hesabu ya wenyewe itakuuliza marehemu ni nani. Namba moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja ananunulika.

Na gharama ya kubadilika? Mita za maji zipo. Mita za umeme zipo. Dizeli inaandikwa kila gari la mafuta linapokuja, maana bila hivyo itaibwa. Kinachokosekana ni daftari la kuuliza kila mashine inamfanyia nani kazi, na daftari ni bei ya chakula cha mchana.

Nilistaafu nikiwa na karipio langu ndani ya jalada. Kabla ya kuondoka nilipita tena kabati kwa kabati, mazoea tu. Pale nilipozizima zile 80 palikuwa pamejazwa seva nyingine, mpya, zinazowaka vizuri. Nilimuuliza kijana aliyenipokea zamu ni za nani. Akasema, "Bado hazijapata mteja, mzee, lakini zimewashwa kwa sababu ya ile namba." Nikampa daftari langu.